Gari ikichemsha usikimbilie ndoo ya maji: mipira ya rejeta, mfuniko na jinsi ya kuvitunza

Watu wengi wakisikia gari inachemsha akili inaenda kwenye maji tu, maji yamepungua, ongeza maji, twende zetu. Maji ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni presha, na hiyo presha ndo kitu ambacho mipira ya rejeta, klampu zake (vile vibano vya kuishikilia) na kile kimfuniko cha juu vimewekwa pale kuilinda. Ukishalishika hilo, siku ukifungua boneti utaanza kuona vitu ulivyokua unavipita kila siku, na fundi akikwambia "mkuu hii thamostati tuitoe, Dar hapa joto" utakua na cha kumjibu.

Mifano mingi ntachukua kwenye hizi Toyota zenye injini ya 1NZ, yaani IST, Vitz za cc 1500, Raum, Probox, Premio na Allion za 1.5, kwa sababu ndo zimejaa mtaani na wengi wetu ndo tunazo au tunazitamani. Mwenye Noah, Rav4 au Nissan asiondoke, mfumo ni ule ule, kinachobadilika ni thamostati imekaa wapi na mipira imepinda vipi. Wenye Subaru na nyie mpo, tena nyie someni mara mbili.

Maji yanazungukaje

Ukiwasha gari wota pampu inasukuma maji ndani ya injini, yanapita pembeni ya silinda, yanapanda kwenye silinda hedi ambako ndo kuna moto mkali zaidi, yanabeba lile joto. Kuna mlango mdogo unaitwa thamostati, ndani yake kuna nta ambayo ikipata moto inatanuka na kuusukuma ufunguke, kwenye 1NZ unaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kabla ya hapo maji mengi yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka. Mlango ukifunguka ndo maji yanapita kwenye mpira wa juu kwa nguvu, yanaingia rejeta, yanapita kwenye vibomba vyembamba, upepo unayapoza, yanarudi injini kwa mpira wa chini. Mzunguko mzima ndo huo.

Kwa hiyo mpira wa juu ni wa maji moto na huo ndo unapata shida zaidi ya joto. Wa chini upo upande ambao pampu inavuta, ndo maana baadhi ya magari yanawekewa springi ndani ya huo mpira ili usinyonywe ukabonyea, na ukiukuta na springi usikubali uvalishwe mpya usio nayo. Alafu kuna midogo miwili inaingia ukutani kuelekea ndani kwa abiria, hiyo ni ya hita. Watu wa Dar na Tanga huwa wanaisahau kabisa kwa sababu nani anawasha hita Januari, ila kwenye gari nyingi maji yanapita humo muda wote uwashe usiwashe, na mmoja ukipasuka gari inachemsha vile vile kama umepasuka ule mkubwa. Kuna mingine midogo zaidi inaenda kwenye throtoo, kile kimlango cha kuingizia hewa kwenye injini. Na kama gari ni automatiki, chini ya rejeta utaona mipira miwili myembamba, hiyo SIO ya maji, ni ya hydroliki ya gia boksi inayokuja kupozwa mle mle ndani ya rejeta. Usiifungue ukidhani unamwaga maji. Na ukifungua mfuniko ukakuta maji yamekua kama maziwa ya stroberi ujue rejeta imetoboka ndani, maji na hydroliki vimechanganyikana, hapo gari isiendeshwe hata mita moja maana gia boksi ikinywa maji gharama yake ni nyingine kabisa.

Kwanini presha

Maji ukiyachemsha jikoni Dar yanachemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda Mbeya au Iringa mjini, kule juu yanachemka kwenye 94 au 95 hivi kwa sababu hewa ni nyepesi. Sasa injini yenye mzigo inayopanda Kitonga na AC imewashwa inaweza kufika 100 na zaidi kidogo, na hapo bado ni afya yake kabisa, kinachoyazuia maji yasichemke ni kwamba yamefungiwa. Angalia juu ya mfuniko wa rejeta utaona namba ya presha, 0.9 au 1.1 au 108 kPa. Mfuniko wa 1.1 ukiwa mzima unafanya maji matupu yachemke kwenye nyuzi 120 hivi, ukiweka kulanti (ile dawa ya rangi ya kuchanganya na maji ya rejeta) nusu kwa nusu inapanda zaidi ya hapo. Ndo maana katundu kadogo tu kwenye mpira, kasikomwaga hata nusu glasi kwa siku, kanaweza kukuchemshia gari mlimani wakati maji yapo yamejaa, kwa sababu presha imetoka na maji ya nyuzi 105 yasiyo na presha yanageuka mvuke pale pale. Na mvuke haupozi chuma kama maji yanavyopoza, hapo ndo hedi inapinda na gasketi yake, ile sili iliyo kati ya hedi na bloku ya injini, inakufa.

Mfuniko wenyewe una vivalvu viwili. Kimoja kinaachia maji yaende kwenye rezava, kile kichupa cha plastiki cha pembeni, presha ikizidi, kingine kinayaruhusu yarudi injini ikipoa. Kile cha pili kikiganda, asubuhi utakuta mpira umebonyea umekua bapa kama umekaliwa, na watu wanabadilisha mpira wakati mbovu ni mfuniko. Mfuniko ni moja ya spea za bei ndogo kwenye mfumo huu na ndo unaosahaulika kuliko zote. Angalia ile raba yake ya chini, ikiwa imekauka, imeingia mfereji au imekatika, tupa. Ukinunua mwingine nunua wenye namba ile ile, kuna watu wanaweka wenye namba kubwa wakidhani ndo nguvu zaidi, matokeo yake wanapasua rejeta yenye tenki za plastiki za miaka 15.

Kukagua mipira

Gari iwe imepoa kabisa, asubuhi kabla hujaiwasha ndo muda mzuri. Usifungue mfuniko wa moto hata kama una haraka gani, yale maji yanaruka usoni na yanaunguza vibaya sana.

Shika mpira wa juu uminye. Mzima unakua imara lakini unabonyea na kurudi. Ukiwa mgumu kama bomba la PVC umeshaiva na joto, siku yoyote utapasuka. Ukiwa laini unateleza kama umevimba, mara nyingi ni oili, maana mipira hii inatengenezwa kwa raba ya EPDM ambayo inavumilia joto na maji vizuri lakini oili inaiua, kwa hiyo kabla hujabadilisha mpira tafuta kwanza oili inatokea wapi, labda gasketi ya kava ya juu inavuja, la sivyo mpya nao utavimba. Ukiminya ukasikia kitu kinavunjika ndani kwa sauti ndogo, ama ndani kuna nyufa ama kuna ukoko wa chumvi, yote mabaya.

Sehemu ya kuminya zaidi sio katikati. Minya karibu na klampu, kama sentimita tano kutoka kila mwisho. Mipira mingi inaanza kuoza kwa ndani kule kule mwishoni, kwa sababu maji yenye kemikali chafu na vyuma viwili tofauti vinatengeneza kaumeme kadogo, kanakula raba kutokea ndani kidogo kidogo mpaka kinafika kwenye nyuzi zilizomo katikati ya mpira, na nje unaona mpira mweusi unang'aa kabisa. Linganisha mwisho na katikati, ukiona mwisho ni laini kuliko katikati na ndani kama kuna mifereji, usisubiri.

Alafu angalia maungio. Maji mengi yanayopotea hayadondoki chini, yanakauka pale pale kwenye injini moto yanaacha ukoko, mweupe kama ulikua unatumia maji ya bomba, wa pinki au kijani kama kulikua na kulanti. Fuata ukoko. Angalia shingo ya rejeta pale mpira unapoingia, angalia mshono kati ya tenki ya plastiki na aluminiamu, angalia chini ya wota pampu kuna kitundu, kikiwa na michirizi ujue sili ya pampu inaaga. Ile plastiki ya juu ya rejeta ikiwa mpya ni nyeusi, ikishabadilika ikawa kahawia ujue imekua kavu na siku ukigusa tu inapasuka. Zulia la abiria wa mbele likiwa limelowa na kuna harufu tamu tamu, hapo ni hita ya ndani.

Watu wengi tunanunua magari yaliyotumika Japani, linafika bandarini likiwa na miaka zaidi ya kumi, linang'aa, tunabadilisha oili na kuweka redio. Mipira inaweza kua ni ile ile ya kiwandani. Kama huna historia ya gari, mimi nakushauri badilisha wa juu, wa chini na mfuniko kwa mpigo, alafu hesabu miaka minne mitano kuanzia hapo. Kilomita hazisemi ukweli kwenye mpira, raba inazeeka hata gari ikiwa imepaki.

Kununua

Nenda na mpira wa zamani mkononi, iwe Gerezani Dar au Kirinyaga Road Nairobi, maana mipira hii imefinyangwa kwa umbo maalum na IST na Raum zenye injini moja zinaweza zisifanane mikunjo. Linganisha mikunjo, urefu na upana wa tundu pande zote mbili, wakati mwingine upande mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Muuzaji akikwambia huu utaingia tu, utakata kidogo, mwambie asante. Mpira uliolazimishwa kukunja unabonyea kwenye kona na maji hayapiti vizuri. Ile ya mabati mabati inayojikunja popote ni ya kukufikisha nyumbani, sio ya kukaa nayo. Angalia kama una nyuzi ndani, ukiutazama mwisho uone tabaka mbili za raba na kitambaa katikati, ule wa raba tupu hata kama bei ni tamu hautashika presha.

Used je? Kwa injini sawa, kwa milango sawa, kwa mipira hapana.

Kubadilisha mwenyewe

Unahitaji plaizi, bisibisi, kisu kikali, msasa laini, beseni na kitambaa. Gari imepoa, imesimama sehemu tambarare, hendibreki juu. Fungua mfuniko, weka beseni chini, legeza koki ndogo ya chini ya rejeta maji yatoke. Ile koki ni ya plastiki, ikigoma usiitumie nguvu, bora ufungue mpira wa chini maji yamwagike kwa fujo kuliko kuivunja. Kulanti iliyomwagika usiiache kwenye beseni nje, ni sumu na ina ladha tamu, mtoto, mbwa au kuku akiinywa ni balaa.

Klampu za kiwandani nyingi ni zile za springi, unaziminya masikio kwa plaizi zinaachia. Fundi wengi wanazitupa wanaweka za kukaza kwa bisibisi. Mimi za springi nazirudisha kama bado zinabana vizuri, kwa sababu zinatanuka na kusinyaa pamoja na mpira gari ikipata moto na kupoa, zile za bisibisi zinabaki pale ulipozikazia. Ukitumia za bisibisi chagua zile pana zenye kingo laini, sio zile nyembamba zenye meno yanayokata raba.

Mpira wa zamani unaganda kwenye shingo. Uzungushe kwanza kulia kushoto uachie, ukikataa usiupige wala kuchokonoa na bisibisi, shingo ya rejeta ni plastiki na ikipata ufa umenunua rejeta nzima. Upasue kwa urefu kwa kisu kidogo kidogo, umenye kama ganda. Mpira si unautupa, wa nini kuuhurumia. Upande wa injini wenye chuma safisha kwa msasa laini mpaka ukoko wa kutu na mabaki ya raba yatoke, upande wa plastiki futa kwa kitambaa tu.

Valisha klampu kwenye mpira kabla ya kuuingiza, kila mtu anasahau hili. Lowesha ndani ya mpira kwa kulanti kidogo au maji ya sabuni, usipake grisi wala oili. Na tafadhali silikoni usiweke. Mpira mzuri kwenye shingo safi hauhitaji silikoni, ikiwekwa mabaki yake yanaingia ndani yanaenda kuziba vibomba vya rejeta, na siku ya kufungua tena utalia. Sukuma mpira mpaka ugote, hakikisha alama ya mpira, kama ipo, imekaa sawa na ya rejeta ili usijikunje, alafu klampu ikae nyuma ya kile kiukingo kilichovimba kwenye shingo, sio juu yake na sio mwisho kabisa wa mpira. Kaza mpaka raba ianze kubonyea kidogo, basi. Anayekaza mpaka raba inatoka kwenye matundu ya klampu anaukata mpira na anaipasua shingo. Ukimaliza zungusha macho uone hakuna mahali mpira unagusa feni, mkanda au chuma chenye ncha, kwa sababu injini inatikisika na utasuguana hapo mpaka utoboke.

Kujaza na kutoa hewa

Hapa ndo kazi nyingi nzuri zinaharibika. Hewa ikibaki ndani inakaa sehemu ya juu ya injini, na hapo gari inachemsha wakati rejeta inaonekana imejaa.

Kama unaweza panda na tairi za mbele mahali palipoinuka kidogo, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vyote. Zungusha kitufe cha hita kwenye moto wa mwisho. Mimina taratibu, huku unaminya mpira wa juu na wa chini kama unakamua, utaona mapovu yanatoka na kina kinashuka, ongeza. Gari ndogo nyingi zinakula kama lita nne mpaka sita mfumo ukiwa mtupu, kwa hiyo kama umemwaga beseni zima na sasa imeingia lita mbili tu imejaa, haijajaa, kuna hewa. Washa gari mfuniko ukiwa wazi, iache silensa (ingurume bila kukanyaga mafuta), mkono na uso mbali na mdomo wa rejeta, endelea kuongeza kadri inavyoshuka. Thamostati ikifunguka kina kitashuka ghafla na mpira wa chini utaanza kupata moto. Subiri feni ijiwashe na kuzima walau mara moja. Hewa ya hita ndani ya gari iwe ya moto sawa sawa, ikiwa ya baridi wakati injini ni ya moto bado kuna hewa. Maji yakianza kupanda na kutaka kumwagika funga mfuniko, jaza rezava mpaka kati ya LOW na FULL. Zunguka mtaani, sio safari ya mbali. Kesho yake asubuhi gari ikiwa baridi fungua uangalie tena, mara nyingi utaongeza kidogo, na klampu za bisibisi zikaze tena kidogo maana raba mpya inakaa.

Kuanzia hapo kila wiki angalia rezava na kila mwezi fungua na rejeta yenyewe. Rezava kujaa haimaanishi rejeta imejaa, mfuniko mbovu haurudishi maji, kwa hiyo unaweza kua na rezava imejaa pomoni na rejeta tupu.

Maji gani

Maji mengi ya visima vya Dar yana chumvi, ukiyaweka kwenye rejeta yanajenga ukoko ule ule unaouona kwenye hita ya kuchemshia chai, na yanakula aluminiamu. Kulanti inazuia kutu, inapandisha kiwango cha kuchemka na inailinda sili ya wota pampu. Ya Toyota ya pinki inakuja imeshachanganywa, unamimina kama ilivyo. Ile nyekundu ya zamani inabadilishwa kila miaka miwili au kilomita 40,000. Ukinunua isiyochanganywa changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, haya yanayouzwa kama maji ya betri, ila soma chupa vizuri kwa sababu pembeni yake muuzaji ana asidi ya betri na chupa zinafanana. Usichanganye kulanti za aina mbili kwa kuangalia rangi tu, rangi ni mapambo ya kiwanda.

Na kuna maji ya rangi yanauzwa kama kulanti. Njia ya kuyakamata: jaza kidogo kwenye kichupa, funga imara, andika SUMU, weka kwenye friza usiku kucha mbali na chakula. Kulanti halisi ya nusu kwa nusu haigandi mpaka iende kama 37 chini ya sifuri, friza ya nyumbani ni 18 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi inatakiwa iwe bado inatiririka. Ukikuta jiwe la barafu la kijani, umeuziwa maji.

Thamostati na feni ya direct

Sasa hii tabia ya kutoa thamostati. Hoja ya fundi ni kwamba maji yazunguke muda wote yapoe zaidi. Kwenye foleni inaweza kuonekana kama kweli. Lakini thamostati za gari nyingi zina kazi mbili, upande mmoja unafungua njia ya rejeta na upande wa pili, kakisahani ka nyuma, kanaziba njia ya mkato ambayo maji yanazunguka bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi milele, sehemu ya maji moto yanarudi injini bila kupozwa, na ukipanda Sekenke na mzigo gari inachemsha zaidi kuliko mwanzo. Na kwenye barabara kuu usiku injini inakua baridi mno, kompyuta inadhani gari ndo imewashwa sasa hivi inaongeza mafuta, unalalamika IST inakunywa. Thamostati ikifa nunua nyingine. Kuijaribu, itoe, itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni (sufuria isiyopikiwa tena), chemsha, kabla maji hayajachemka iwe imeshafunguka wazi.

Feni ya kuunga direct, yaani izunguke muda wote, ni vile vile, inaficha ugonjwa wa swichi au rilei (kile kiswichi cha umeme kinachoiwasha feni), na siku mota ya feni ikifa kwa kufanya kazi bila kupumzika hutajua mpaka foleni.

Kutafuta ugonjwa kuna swali moja linasaidia sana: inachemsha wapi? Ikichemsha kwenye foleni na ikitulia ukikimbia, shida ni upepo, yaani feni, fyuzi, rilei, au matope na wadudu waliojaa kati ya kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, iliyo mbele yake) na rejeta, pale pakaoshwe kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini. Ikichemsha mlimani au spidi kubwa na foleni iko poa, shida ni maji kutopita, rejeta imeziba, mpira wa chini unabonyea, pampu au thamostati. Ikichemsha popote na mpira wa juu unakua mgumu kama jiwe dakika moja mbili baada ya kuwasha gari ya baridi, na mapovu hayaishi kwenye rejeta, huo ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji, gasketi ya hedi, peleka kwa fundi usibadilishe vitu kwa kubahatisha. Na mambo ya kutia yai bichi au dawa ya kuziba, yanaziba kweli, yanaziba na hita na vibomba vya rejeta.

Ikikutokea njiani

Mshale ukipanda, au kwa Passo na Vitz nyingi zisizo na mshale taa nyekundu ikiwaka, zima AC, fungua hita moto wa mwisho na feni ya ndani yote. Mtateseka kidogo ila hita ni rejeta ndogo. Tafuta pa kusimama. Ukiona mvuke au maji yanamwagika zima injini hapo hapo. Na ukiona mshale ulikua juu alafu umeshuka ghafla bila sababu usishangilie, sensa inapima maji, maji yakiisha inaweza kupima hewa.

Subiri. Saa nzima kama inabidi. Usimwagie injini maji ya baridi kwa nje, hedi ya aluminiamu inaweza kupinda au kupasuka. Ikipoa, funika mfuniko kwa kitambaa kinene, zungusha nusu ya kwanza tu, mvuke utoke wote, ndo ufungue.

Mpira ukiwa umepasuka karibu na klampu una bahati, kata ile sehemu mbovu, vuta mpira uliobaki, funga tena. Umepasuka katikati, kausha vizuri, zungushia zile kamba za mpira wa tyubu wanazofungia mizigo bodaboda, ukivuta kwa nguvu na kupandanisha kila mzunguko nusu juu ya mwenzake, upite sentimita kadhaa kila upande wa ufa, alafu funga klampu mbili juu yake kama unazo. Jaza maji, yoyote safi uliyonayo kwa sasa. Mfuniko usiukaze mpaka mwisho, uache kwenye ile nusu ya kwanza ili presha isijengeke ikafumua bandeji yako. Kumbuka bila presha maji yanachemka mapema, kwa hiyo nenda taratibu, AC imezimwa, hita imewashwa, na kila kilomita chache simama uangalie. Kama kuna mlima mbele yako usijaribu, ita gari ya kuvuta. Ukifika, mpira mpya, mwaga yale maji ya njiani yote, weka kulanti, na mwambie fundi apime presha mfumo mzima kwa kile kipampu chao kabla hujaondoka gereji.